Historia ya Kongo kando ya bahari ya Dublin

Wageni wengi wa Dublin, mji mkuu wa Ireland, huishia katikati ya mji. Lakini treni ya pwani, upande wa kusini, hufikisha mtu Sandycove: ghuba ndogo, mnara wa mawe wa zamani, na miamba ya Forty Foot ambapo watu huogelea hata wakati wa baridi.

Hapo Sandycove alizaliwa Roger Casement mwaka 1864. Tangu 2021 sanamu yake ya shaba inasimama karibu, kwenye gati la Dún Laoghaire.

Inatuhusu nini? Mwaka 1903 Casement, akiwa konseli wa Uingereza, alipanda mto Kongo kwa mashua ya mvuke aliyoikodi kwa wamisionari Wabatisti. Kijiji kwa kijiji alisikiliza watu waliolazimishwa kutafuta mpira: walimweleza juu ya mateka, viboko na mikono iliyokatwa. Ripoti yake ilitoka 1904. Mwaka 1908 Mfalme Leopold wa Pili alilazimika kuiachilia Kongo kwa serikali ya Ubelgiji.

Lakini katika ripoti iliyochapishwa majina ya mashahidi Wakongo yalifichwa, zikawekwa herufi tu. Mwandishi amepata sanamu. Waliosema kweli hawajulikani sana.

Basi, katika parokia zetu tuwaulize wazee na waliokimbia vita. Wakikubali, tuandike jina, mwaka na mahali. Kama kuna hatari, tuyatunze kwa siri mpaka siku ya amani, lakini tusiyapoteze.