Tunda lililogandishwa nalo lina sheria zake mpakani

MNAMO Aprili 2019, serikali za Kenya na Uchina zilitia saini jijini Beijing makubaliano ya kuruhusu maparachichi ya Kenya kuingia katika soko la taifa hilo lenye watu zaidi ya bilioni moja. Habari hizo zilipokewa kwa shangwe, lakini shangwe hiyo ilififia masharti yalipojulikana.

Tunda lilitakiwa kumenywa, kugandishwa kwa baridi ya nyuzi 30 chini ya sufuri katika kipimo cha Selsiasi, kisha kusafirishwa likiwa katika nyuzi 18 chini ya sufuri hadi mwisho wa safari. Wauzaji waliokuwa na mitambo ya kazi hiyo walikuwa wachache mno. Mkulima wa Murang'a au Kisii mwenye miti michache hangeweza hata kuiwazia.

Ni kwa nini mnunuzi akatae tunda zuri na kulitaka likiwa limeganda? Jibu limo katika sheria za karantini ya mimea, ambazo lengo lake ni kuzuia wadudu na magonjwa ya mimea yasivuke mipaka pamoja na bidhaa.

Kenya inaujua uchungu wa jambo hili. Mwaka 2003, nzi wa matunda kutoka bara Asia, ambaye wataalamu humwita Bactrocera dorsalis, aligunduliwa humu nchini, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuonekana barani Afrika. Nzi huyo hutoboa ganda na kutaga mayai ndani ya tunda. Mayai huanguliwa, na funza hula nyama ya tunda huku nje likionekana salama. Kwa sababu yake, Afrika Kusini ilifunga soko lake kwa maparachichi ya Kenya mwaka 2007. Mnamo 2014, Kenya yenyewe ilisimamisha uuzaji wa maembe katika Muungano wa Ulaya kabla ya kufungiwa, na biashara hiyo ikarejea mwaka 2021.

Kugandisha hukata mzunguko huo. Yai na funza hawahimili baridi ya nyuzi 18 chini ya sufuri. Aidha, tunda lililoganda likiyeyuka huharibika upesi, hivyo si rahisi mdudu alitumie kama makao mapya. Ile baridi kali zaidi ya mwanzo ina faida nyingine: huyagandisha maji ya tunda kwa haraka kabla hayajaunda chembe kubwa za barafu zinazopasua nyama yake.

Kwa sababu hizo, kanuni ya kimataifa iliyopitishwa mwaka 2009 chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kulinda Mimea inapendekeza kwamba matunda na mboga zilizogandishwa zisiwekewe vikwazo vya karantini. Kumenya au kukatakata pekee hakutoshi kulipa tunda hadhi hiyo.

Hata hivyo, pendekezo si amri. Kila nchi ina haki ya kuweka masharti yake mradi iweze kuyatetea kisayansi. Nchini Marekani, tunda huhesabiwa kuwa limegandishwa iwapo limekaa katika nyuzi 6.7 chini ya sufuri, au baridi zaidi ya hiyo, kwa muda usiopungua saa 48 kabla ya kuruhusiwa kuingia. Muungano wa Ulaya nao hudai cheti cha afya ya mimea kwa takriban matunda yote mabichi, isipokuwa machache kama vile ndizi na mananasi, lakini haudai cheti hicho kwa yaliyogandishwa.

Mfanyabiashara asidhani kwamba barafu humaliza kila kitu. Kwanza, kuna mbao zinazobeba katoni. Mbao hizo zaweza kuficha wadudu, na kwa hivyo hutakiwa kupashwa joto la nyuzi 56 hadi kiini kwa dakika 30, au kutibiwa kwa njia nyingine iliyokubaliwa, kisha kupigwa mhuri wa kimataifa. Shehena yenye matunda safi yaweza kukwama bandarini kwa kosa la mbao.

Pili, afya ya mmea si afya ya mlaji. Baridi inayoua funza haiui virusi. Mwaka 2012, watu wapatao 11,000 nchini Ujerumani waliugua kuhara na kutapika baada ya kula stroberi zilizogandishwa zenye norovirusi. Ndiyo maana kuna ukaguzi wa usafi wa chakula mbali na ule wa karantini, na cheti kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Tatu, rekodi za baridi ni ushahidi. Kontena likizimika njiani, mwenye mali hana budi kueleza kilichotokea. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.

Kwa anayeingiza mimea na mazao yake nchini Kenya, hatua ya kwanza ni kuuliza Shirika la Kukagua Afya ya Mimea (KEPHIS) kuhusu masharti ya bidhaa husika. Kibali cha kuingiza, pale kinapohitajika, hupatikana kabla ya shehena kuondoka ilikotoka. Anayekitafuta meli ikiwa tayari baharini amechelewa.

Kuhusu Uchina, mkataba mwingine ulitiwa saini mjini Mombasa mnamo Januari 2022 na kuruhusu maparachichi mabichi. Shehena ya kwanza iliondoka Agosti mwaka huo. Mtambo wa kugandisha haukuwa tena sharti, lakini mashamba na vituo vya kupakia hulazimika kusajiliwa na kuthibitishwa kuwa havina wadudu waliotajwa.

Kwa hivyo mzigo haukuondolewa, bali ulihamishwa kutoka kiwandani hadi shambani. Palipo na mtambo, baridi humuua mdudu. Pasipo mtambo, mkulima mwenyewe ndiye wa kumzuia kwa mitego, kwa kuokota na kufukia matunda yaliyoanguka, na kwa kuchuma wakati ufaao. Asipofanya hivyo, funza mmoja atakayeonekana ugenini aweza kuwafungia soko majirani zake wote.