Masisi na Walikale: povu juu ya kikombe bila yai

Matcha, unga wa chai ya kijani kutoka Japani, ni mgeni katika majiko ya Kivu Kaskazini. Povu si mgeni. Wako wanaopiga yai bichi ili kinywaji kifure, lakini Masisi, nchi ya ng'ombe, mashanza na fromaji, maziwa yenyewe yanatosha: protini zake ndizo zinazoshika hewa.

Maziwa mabichi yachemshwe kwanza, maana yanaweza kubeba magonjwa ya ng'ombe. Yakibaki vuguvugu, yajaze nusu ya chupa safi, kifuniko kikazwe, yatikiswe kwa nguvu. Matcha, nusu kijiko kidogo, ikorogwe pembeni na maji ya moto yasiyochemka, la sivyo itakuwa chungu. Asiye nayo, na ndio wengi, atumie chai nyeusi kali.

Walikale ni msitu, ng'ombe ni wachache. Huko maziwa ya unga yanafaa. Shida ni njia. Machi 2025 M23 iliingia hadi Walikale mjini, ikaondoka mwezi uliofuata. Na bidoni la maziwa likikwama asubuhi kwenye bariyeri, jioni linaweza kuwa limeshaganda.