Fimbo Itakuambia Kama Mboji Inaiva

Je, umewahi kutia mboji shambani halafu magugu yakaota kuliko mwanzo? Basi lundo lako halikupata joto la kutosha. Takataka huozeshwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, na vikifanya kazi hutoa joto. Lundo likikaa na joto la digrii 55 hadi 65 kwa siku kadhaa, mbegu nyingi za magugu na viini vya magonjwa hufa.

Hauhitaji kununua kipimo. Chonga fimbo ndefu, uidunge kwa mshazari mpaka katikati ya lundo. Baada ya siku tatu ichomoe, uishike.

1. Ina joto na unyevu: kazi inaendelea. Irudishe.
2. Ni moto hata haishikiki: pindua lundo lipoe kidogo.
3. Ni kavu, au ina unga mweupe: mwagia maji.
4. Ni baridi, imelowa na inanuka: hewa haipiti. Pindua, uchanganye majani makavu.

Lundo liwe angalau mita moja kila upande. Likiwa dogo, joto hupotea. Likianza kupoa, pindua ili ya pembeni yaingie katikati, kwa maana mbegu za pembeni bado zi hai.

Sasa msiharakishe. Mboji ikitiwa ingali moto itaunguza miche. Ngojeni ipoe yenyewe, iwe nyeusi na inukie kama udongo wa msituni.