Kuitambua Misindano kwa Kuhesabu Majani Yake

Wakulima wengi wa Mufindi hupanda misindano, ambayo pia huitwa paini, kwa matarajio ya kuvuna mbao baada ya miaka 15 au zaidi. Kwa kuwa kosa la kuchagua aina isiyofaa hubainika wakati miaka mingi imekwisha kupita, ni vyema mkulima aijue aina ya mti kabla ya kukusanya mbegu.

Majani ya msindano uliokomaa huota katika vichopa vidogo, na chini ya kila kichopa ipo ala nyembamba inayoyashika pamoja. Idadi ya majani katika kichopa ndiyo dalili ya kwanza ya utambuzi.

Pinus patula, yenye asili ya Meksiko na iliyoenea zaidi katika Nyanda za Juu Kusini, kwa kawaida ina majani matatu, mara nyingine manne au matano. Ni membamba, laini, nayo huning'inia. Pinus elliottii, yenye asili ya kusini-mashariki mwa Marekani, huchanganya vichopa vya majani mawili na matatu katika mti mmoja; majani yake ni manene na magumu. Pinus caribaea, inayostahimili joto la maeneo ya chini, nayo huwa na matatu, lakini ni magumu kuliko ya patula.

Kwa sababu hiyo, kichopa kimoja hakitoshi. Inafaa kuhesabu vichopa kumi kutoka matawi mbalimbali, kisha kutazama ugumu wa majani na koni. Koni za patula hushikamana na tawi bila kikonyo kirefu, na huweza kubaki mtini kwa miaka kadhaa zikiwa zimefunga.

Mvinje usichanganywe na msindano: vinavyoonekana kuwa majani yake ni vijiti vya kijani vyenye pingili.

Njia hii haifai kwa miche michanga sana, kwani majani yake ya mwanzo huota moja moja, bila vichopa. Hivyo, anayenunua miche hana budi kuuliza chanzo cha mbegu. Mwenye shaka apeleke kitawi chenye majani na koni kwa afisa misitu kabla ya msimu wa kupanda kuanza.