Mazoezi ya Mapafu kwa Njia ya Simu

Nataka kueleza habari za watu wenye ugonjwa wa mapafu usiopona, na jinsi wawezavyo kusaidiwa bila kutoka nyumbani. Katika nchi yetu ya Uganda baadhi yao walivuta sigara. Wengine, hasa akina mama, wamepikia kuni tangu utoto. Wengine waliugua kifua kikuu, wakapona, lakini mapafu yakabaki na makovu.

Mgonjwa wa namna hii akitembea kidogo hutweta. Kutweta humtia hofu, basi hukaa kitini. Akikaa sana misuli ya miguu hulegea, na misuli iliyolegea hutaka hewa nyingi zaidi kwa kazi ile ile. Dawa ya kuvuta hupanua njia za hewa, lakini haiirudishi misuli. Kinachoirudisha ni mazoezi: kutembea kwa kipimo, kuinuka kitini na kuketi, kuinua chupa za maji, na kutoa pumzi polepole kama mtu apozaye chai.

Kule Kampala, madaktari walijaribu mazoezi hayo kwa watu wenye makovu ya kifua kikuu, wakatoa habari zake mwaka 2017. Yalikuwa ya majuma 6, mara 2 kila juma, na wagonjwa wakaweza kutembea mbali zaidi kuliko mwanzo. Lakini fikiri: mtu asiyeweza kupanda kilima bila kusimama mara tatu, aambiwe asafiri mpaka Mulago mara 12! Nauli peke yake yatosha kumshinda.

Ndiyo sababu ya mazoezi ya mbali. Mgonjwa hubaki kwake, na mwalimu wa mazoezi humwona kwa picha ya simu, au humsikia tu. Mwaka 2020, korona ilipofunga madarasa ya hospitali katika nchi nyingi, njia hii ilienea upesi. Mwaka 2021 Narelle Cox wa Australia na wenzake walikusanya majaribio 15 yenye watu 1,904, wakaona kwamba wa mbali walifaidika karibu sawa na wa hospitalini. Tena waliomaliza walikuwa 93 katika kila 100, hali wa hospitalini walikuwa 70.

Sasa tuje kwenye simu yenyewe. Mzee wa kijijini mara nyingi ana simu ndogo ya vitufe, au huazima ya mwanawe. Tangu Julai 2018 serikali ilitoza shilingi 200 kwa siku kila atumiaye mitandao ya kijamii. Julai 2021 ikaondoa kodi hiyo, ikaweka asilimia 12 juu ya intaneti. Sheria iliacha nje intaneti ya matibabu na ya masomo, lakini mimi sijaona bando dukani liulizalo mnunuzi kama ni mgonjwa.

Kwa maoni yangu, wanaongoja kila mgonjwa apate simu janja wanaacha kitu kilicho mkononi. Kiko kipimo cha Borg, kilichobuniwa na Gunnar Borg wa Sweden. Mgonjwa hutaja namba: 0 ni kupumua bila taabu yoyote, 10 ni taabu isiyo na kifani. Mara nyingi mwalimu humtaka afanye kazi mpaka afike 3 au 4. Namba hiyo haihitaji picha. Husemwa kwa simu ya vitufe, kwa Kiganda, Kiacholi au Kiswahili. Kadhalika kuinuka kitini na kuketi kwa dakika moja, bila kujisaidia kwa mikono: mjukuu ahesabu, kisha aseme jumla.

Oksijeni ya damu haisikiki kwa sauti. Kwa hiyo hapana budi mgonjwa apimwe kwanza kituoni, ana kwa ana, kwa kile kibanio cha kidole, akiwa ameketi na tena baada ya kutembea. Akiruhusiwa kujizoeza nyumbani, mtu awe karibu naye, kiti kiegemezwe ukutani, na akisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu aache mara moja, hata kama mwalimu bado yuko kwenye simu akihesabu.