Viatu vya Kazi Vikiota Ukungu

Ndugu wafanyakazi, mvua zikianza huku kwetu Uganda, zile za Machi hadi Mei na tena zile za Septemba hadi Novemba, jambo moja huonekana katika kila laini ya nyumba za wafanyakazi. Mtu huinama kutoa viatu vyake vya kazi chini ya kitanda, akavikuta vimeota ndevu nyeupe na za kijani kama mkate uliosahauliwa. Wengine huvitupa. Wengi huvikausha motoni kwa haraka ili wawahi zamu. Mimi nilikuwa katika hao wa mwisho, na napenda niwaeleze yaliyonipata.

Mwaka 2003 nilikuwa msaidizi wa fundi katika kiwanda kimoja cha sukari. Nilipewa buti za ngozi zenye chuma mbele. Nilipokwenda likizo ya majuma mawili nilizifunga katika mfuko wa nailoni zikiwa bado na unyevu, nikazisukuma chini ya kitanda. Niliporudi zilikuwa zimeota ukungu nje na ndani. Nikazifuta kwa gunia, nikaziacha karibu na sigiri usiku kucha. Asubuhi zilikuwa kavu kama ubao, nikaona nimefanya la maana.

Juma halikwisha, ngozi ikapasuka pale vidole vinapokunjika. Siku hiyo bomba lilivuja, na maji ya moto yakaingia katika ufa huo. Nilikaa nyumbani siku kumi na moja. Niliporudi kazini nikakuta bei ya buti mpya imekatwa katika mshahara wangu, kwa kuwa ilisemwa nimeharibu mali ya kampuni. Nilinyamaza, maana sikujua la kujibu.

Leo nayajua mambo mawili: namna ya kuondoa ukungu, na mahali wajibu wa mfanyakazi unapokoma.

UKUNGU NI NINI

Ukungu ni kuvu, kiumbe hai, jamaa ya uyoga. Mbegu zake ni ndogo mno, huruka hewani na zimo katika kila nyumba. Zinachongoja ni unyevu na hewa isiyotembea. Ngozi ina mafuta, na mguu huongeza jasho kila siku. Hicho ndicho chakula chake. Ukifuta juu tu na kuacha kiatu kibichi, baada ya siku chache utaukuta umerudi.

NAMNA YA KUSAFISHA

Kwanza, toa viatu nje. Usivipigie brashi chumbani wanamolala watoto, maana vumbi la ukungu huangukia nguo na matandiko, na humsumbua mtu mwenye pumu. Jifunge kitambaa puani. Toa kamba uzifue kwa sabuni. Soli ya ndani ikiwa imeoza, itupe.

Pili, sugua kwa brashi laini iliyo kavu, hasa mishononi na chini ya ulimi wa kiatu. Ukimaliza, osha brashi kwa sabuni na maji ya moto.

Tatu, changanya siki nyeupe na maji kwa kipimo sawa, kikombe kwa kikombe. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, kwa sababu ngozi nyingine hubadilika rangi. Chovya kitambaa, kikamue mpaka kisidondoke, halafu futa nje na ndani. Usiloweke kiatu. Kama huna siki, spiriti iliyochanganywa na maji kwa kipimo hicho hicho itafaa, lakini ikae mbali na moto na sigara, kwani huwaka upesi.

Nne, futa tena kwa kitambaa chenye maji safi. Jaza magazeti makavu ndani ya kiatu, ukiweke kivulini penye upepo. Magazeti yakilowa, yabadilishe. Buti nene hutaka siku mbili, wakati wa mvua hata zaidi.

Tano, kiatu kikikauka kabisa, paka rangi ya viatu kidogo kidogo. Ukipaka kabla hakijakauka, umeufungia unyevu ndani.

Mikanda na mifuko ya ngozi husafishwa vivyo hivyo. Lakini glovu za kuchomelea zipigwe brashi kavu na kuanikwa tu. Usizipake rangi wala mafuta, maana cheche ikiruka zitashika moto mkononi mwako.

MAMBO YA KUEPUKA

Usikaushe ngozi motoni wala juu ya bomba la mvuke. Hukakamaa na kupasuka kama zangu. Usitumie dawa ya klorini ya kufulia nguo. Huila ngozi, na ikichanganyika na siki hutoa gesi ya sumu. Usihifadhi viatu katika nailoni. Viweke juu ya ubao, mbali na ukuta, hewa ipite.

WAJIBU WETU UNAPOKOMA

Sasa, ndugu zangu, tufanye hesabu ndogo. Kiatu kilicholowa hutaka siku mbili kukauka. Mtu mwenye jozi moja, anayekwenda zamu siku sita kwa juma, atakikausha lini? Hapo siki haitoshi. Ukungu huo unatokana na mpango wa kazi, wala si uvivu wa mfanyakazi. Dawa yake ni jozi ya pili, na chumba chenye rafu na hewa ambamo viatu vya zamu vinaweza kuanikwa.

Tena, ukungu mwingine huanzia stoo. Nimeona buti mpya zilizokaa juu ya sakafu ya simenti msimu mzima, zikagawiwa zikiwa na uzi uliooza. Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi, kunja kiatu, vuta mshono, tazama ndani. Ukikuta kasoro, iandikwe katika daftari mbele ya mtunza stoo, nawe uwe na nakala.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 21 kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Tangu Juni 2022 mkataba huo umehesabiwa miongoni mwa mikataba ya msingi ya shirika hilo. Ningaliyajua maneno kama hayo siku ile, nisingalinyamaza.

Basi tutunze viatu vyetu, kwa sababu mguu ni wetu. Na katika mkutano ujao wa tawi, kila mmoja aje amevaa viatu vyake vya kazi. Tutavikagua pamoja, tuandike vilivyo vizima na vibovu, na orodha hiyo ipelekwe kwa meneja kwa jina la wote. Mtu mmoja akilalamika huitwa mharibifu wa mali ya kampuni. Tawi zima likileta orodha, itabidi isomwe.