Bia imehama, ubingwa haujarudi

MWAKA 1927 mashabiki wa Newcastle United walipata raha mbili kwa mpigo. Timu yao ilibeba ubingwa wa England, na mjini ikaingia bia mpya, Newcastle Brown Ale. Bia ilisambaa duniani. Ubingwa wa ligi? Mpaka leo bado.

Kiwanda cha bia hiyo kilikuwa jirani na uwanja wa St James' Park. Enzi za Kevin Keegan na Alan Shearer, miaka ya 1990, nembo yake ilikaa kifuani kwenye jezi. Mwaka 2005 kiwanda kikafungwa. Bia ikahamia Gateshead, ng'ambo ya mto Tyne, kisha Tadcaster, mbali na nyumbani.

Pengo likazibwa na viwanda vidogo. Mwaka 2016 Wylam walihamia jumba la maonyesho la mwaka 1929 ndani ya Exhibition Park. Kutoka uwanjani ni kwa miguu tu, hakuna haja ya teksi.

Uwanja wenyewe uko katikati ya mji, na tangu 1985 sheria ya England hairuhusu kunywa pombe huku unatazama mechi. Basi moja moto, moja baridi zinaishia The Strawberry, baa inayotazamana na uwanja, ndipo watu wanaingia.

Machi 2025 Newcastle waliichapa Liverpool 2-1 Wembley na kubeba Kombe la Ligi, taji lao kubwa la kwanza la nyumbani baada ya miaka 70. Deni lililobaki ni moja: lile la 1927.